Alimzomea mzungu wa filamu, akaulizwa kuhusu chumba namba saba

Jumatatu, Agosti 14, 1995. Asubuhi hii Dandora, Nairobi, kuna baridi na manyunyu, na moshi wa jaa la taka umeshuka hadi kwenye mabati.

Patrobas Nalianya anafungua kufuli la mfereji wa maji. Wanawake wenye mitungi wamekwisha kupanga foleni uani.

"Mzungu ameamka!" mmoja anamtania, na wenzake wanacheka.

Patrobas, mwenye umri wa miaka 51, ni keateka, mtunzaji wa ploti hii ya vyumba vya kupanga. Anafagia ua, anaosha vyoo na kutafuta wapangaji. Malipo yake makubwa ni chumba anachokaa bure na mkewe. Jioni huenda masomo ya ngumbaru katika ukumbi wa kanisa, kwa sababu anataka kujisomea Biblia mwenyewe.

Jina la "Mzungu" alilipata Jumamosi katika ukumbi huo. Mwalimu wao, Bi. Muhonja, aliwaonyesha filamu ya mji wa ng'ambo, huku akiwatafsiria. Mzungu mwenye nyumba anamwambia mwanamke mweusi kwamba vyumba vimejaa. Mwanamke huyo akitoka tu, mzungu anampa mzungu mwenzake ufunguo.

"Nilisimama nikapiga kelele, 'Mwongo huyo! Chumba kipo!'" anakumbuka Patrobas.

Kutoka benchi la nyuma, mwanafunzi mwenzake, Nthoki, binti ambaye ni fundi cherehani, alimuuliza: "Na kile namba saba, mzee?"

Ukumbi mzima uliangua kicheko. Patrobas aliketi.

Wiki iliyopita Nthoki alikuja kuulizia chumba hapa. Patrobas alimsalimu kwa Kibukusu, lugha ya kwao, kama anavyomsalimu kila anayetafuta chumba. Anayeitikia kwa lugha hiyo huonyeshwa chumba. Nthoki ni Mkamba wa Machakos, hakuielewa salamu hiyo. Aliambiwa chumba kimechukuliwa. Mpaka leo ni kitupu.

Patrobas anasema si chuki. Nyumba ya ndugu yake ilichomwa katika mapigano ya kikabila ya mwaka 1992.

"Nikaona tukiwa wa lugha moja tutalala bila hofu," anasema. "Lakini hata yule mzungu hakukosa sababu zake. Jana nilipiga magoti niombe, maneno yakakataa kuja. Nikatuma mtu amwite Nthoki."

Nthoki amefika sasa, amesimama langoni na mwavuli. Mama Nafula, mpangaji wa siku nyingi, anaweka mtungi wake chini.

"Keateka, tulikubaliana nini hapa? Ukimwingiza huyo, naenda Donholm kumwambia mwenye ploti."

"Tulikubaliana vibaya, mama."

"Basi utafute pa kulala wewe na bibi yako!"

"Mzee, kama ni vita, wacha nirudi kwangu mtaa wa Baba Dogo," Nthoki anasema.

"Ingia, binti yangu. Usinyeshewe," Patrobas anamwambia.

Mke wa Patrobas ametoka mlangoni, anamtazama mumewe. Patrobas anavua kofia.

"Chumba namba saba ni cha Nthoki," anasema kwa sauti ya kusikika ua mzima. "Na maadamu mimi ni keateka hapa, yeyote atakayekuja nitamfungulia aone chumba, awe wa kabila lolote. Nikifukuzwa kwa hilo, nifukuzwe. Mmenisikia nyote, na Mungu amenisikia."