Utemi Wangu wa Siku Tatu

Jamani, aibu hii nimeificha miaka na miaka, lakini leo mmenichokonoa wenyewe, basi chekeni tu.

Ilikuwa enzi za ruksa, mimi nauza mitumba sokoni Bariadi (kafa Ulaya, tulivyoziita), nampenda Kabula wa Mwamapalala mpaka nawauzia wazee magauni. Baba yake, mzee Nkwabi, akagoma: "Simwozeshi binti yangu kwa mtu asiyemjua guku wake." Na kweli, babu yangu nilimjua jina tu, Masunga, basi.

Nikasikia maktaba ina madaftari ya zamani ya koo za huku kwetu, yameandikwa kwa mkono. Nikaenda, nikafunua wee, hadi chini kabisa ya ukurasa mmoja nikakuta: "Masunga wa Zagayu, mte-". Nafasi ilimwishia karani, akakata neno. Sasa niambieni nyie, mte- gani tena kama si mtemi? Damu ya utawala ikanichemka palepale, nikafunga daftari bila kufunua upande wa pili (mjukuu wa mtemi asome mpaka lini?), nikatoka kifua mbele kwenda kulitangazia soko.

Siku tatu nzima soko likanisalimu kwa kupiga magoti, na mimi mjinga naitikia kwa kidole. Habari zikafika Mwamapalala. Mzee Nkwabi akaja na wazee wenzake, na Kabula mwenyewe. Mzee akaniambia, "Ng'wanone, mwanangu, twende huko maktaba tukamwone huyo mtemi." Soko zima likatufuata.

Mama Limi, mtunza maktaba, akavaa miwani akasoma kwa sauti ya kanisani: "Masunga wa Zagayu, mte..."

"Hapohapo mama, inatosha!" nikadakia.

Akalamba kidole, akafunua: "...ma kuni wa mtemi."

Weee! Watu walicheka mpaka mzee mmoja akakaa sakafuni. Mimi nikajua Kabula ndiyo basi tena, machozi yakanitoka mbele za watu. Mzee Nkwabi naye alikuwa anafuta ya kicheko.

"Nyamazeni," akasema. "Mimi nilitaka amjue guku wake. Si amemjua? Na harusi haina kuni. Kalete."

Nilikata kuni wiki nzima, viganja vikawa malengelenge matupu. Tangu hapo, hata kadi ya mchango naigeuza nyuma kwanza ndipo niseme neno. Na kuni zikiisha jikoni, Kabula haniiti kwa jina, hupaza sauti majirani wasikie: "Mtemi wangu!" Nami nachukua shoka.