Sabuni ya Mama Mukwe

Wakati wa vita treni ya Kindu ilinyamaza, na mushahara wa mwalimu ukanyamaza nayo. Nilikuwa nafundisha Kifaransa. Mke wangu alikuwa na mimba ngumu, ameamriwa kulala tu. Sabuni haikupatikana, watu walifua nguo kwa majani ya mpapai.

Mama mukwe wangu alikuwa amekimbilia kwetu kutoka Kibombo. Kwetu mukwe huheshimiwa kwa mbali: humtazami usoni, huli naye. Lakini ni yeye aliyekumbuka, tena nusunusu, kwamba utotoni aliona wazee wakipika sabuni kwa mafuta ya mawese na maji ya majivu ya maganda ya ndizi. Tukaanza kujaribu. Alikaa upande wa pili wa moto, akanipa mgongo, akasema nami kupitia binti yake aliyelala chumbani.

“Ambia mwalimu asikoroge kama uji!”

“Mwalimu, mama anasema usikoroge kama uji.”

Chungu cha kwanza kilituchubua mikono. Cha pili hakikuganda. Cha tatu kilikuwa motoni asubuhi ile majirani walipombeba mke wangu kwenda kujifungua. Tukabaki wawili. Povu likapanda, likaanza kumwagika, na hakukuwa na mtu wa kupitishia neno.

“Toa kuni, weye mutoto!” akapiga kelele, akanishika mkono.

Nikatoa kuni. Kisha tukasimama tukitazama chini, kila mtu na aibu yake. Jioni tukapata habari kwamba mtoto wa kike amezaliwa salama. Sabuni nayo iliganda: nyeusi, laini, inanuka moshi, lakini inatoa povu.

Kuitengeneza kulikuwa afadhali kuliko kuiuza. Niliketi sokoni na madonge yangu juu ya majani ya migomba, kofia imeshuka hadi kwenye nyusi. Mama muuza dagaa aliyekuwa pembeni akacheka: “Mwalimu, ile sauti ya ku kelasi imeenda wapi? Ita watu!” Sikuweza. Siku moja prefe, mkuu wa shule yetu, akasimama mbele yangu. Akachagua donge, akalipa, akasema “Asante, mama,” akimtazama muuza dagaa, kana kwamba sabuni ni ya yule mama. Alikuwa ananistahi. Niliumia zaidi kuliko kama angenicheka.

Vita viliisha, sabuni haikuisha. Leo nina karakana hapa mjini, mtaa wa Mikelenge, na vijana wanaopika, wanaokata, wanaopeleka mpaka miji ya Pangi na Kama. Mwaka huu niliitwa kusema mbele ya vijana wanaoanzisha biashara. Walinipigia makofi hata kabla sijafungua mdomo, na masikio yakaniwaka. Niliwaeleza habari za moto, na za mukwe, na za kofia. Binti mmoja mwenye diploma ya sheria, anayetengeneza maji ya tangawizi, akainua mkono.

“Papa, ile haya iliisha lini?”

“Haijaisha, binti yangu. Nilichoka tu kuingoja iishe.”

Ukumbi ulicheka. Yeye hakucheka.

Baada ya siku chache nilimkuta kando ya barabara na chupa zake ndani ya ndoo ya maji. Aliponiona akainamisha kichwa, akajifanya anafuta chupa.

“Nipe moja,” nikasema.

“Papa, nikufungie ndani ya sasheti, uende nayo?”

“Hapana. Nakunywa hapa hapa.”

Nikanywa nimesimama juani, polepole. Ilikuwa kali sana. Wapita njia wawili wakasimama kuuliza ni kinywaji gani, nikakohoa, nikamwonyesha binti mwenyewe kwa kidole.

“Ni tangawizi,” akasema, chinichini. Halafu akarudia, kwa sauti.