Shoroba Si Jina la Mtu

Mwanangu, siku ninayoirudia mara nyingi moyoni ni ile ambayo kaka yangu Tluway aliwahamishia mkewe na mtoto mchanga katika kibanda ambacho udongo wake ulikuwa haujakauka. Nilikuwa kijana niliyemaliza shule, nikiishi kwa baba yetu juu ya Karatu, pale mashamba yanapokutana na msitu wa Ngorongoro. Kibanda hicho kilijengwa chini ya shamba, kando ya korongo, mahali ambapo tangu zamani tembo na nyati huteremka kutoka msituni kuelekea Ziwa Manyara. Kila mtu alilijua hilo, na hakuna aliyewahi kulala pale.

Chanzo kilikuwa neno moja. Mwenyekiti wa kitongoji alitangaza baada ya ibada kwamba wataalamu wa mipango ya ardhi wanakuja, na kwamba ushoroba unapita katika mashamba yetu. Neno hilo hatukuwa nalo. Sisi ambao nyumbani tulisema Kiiraqw, na Kiswahili tulikipata darasani, tulilisikia kadiri ya masikio yetu. Alisema “ushoroba unapita”. Wengi walisikia “Shoroba anapita”. Kufikia siku ya mnada, Shoroba alikwisha kuwa tajiri wa Arusha aliyepewa mteremko wote. Ilisemekana kwamba atakayemkuta nyumba yake inafuka moshi, atamwacha. Mwenye mahindi matupu bila nyumba atafukuzwa, na ndiyo sababu Tluway aliharakisha kujenga.

Usicheke sana. Watu wa huku, na jirani zetu wafugaji wa Endulen, kule ndani ya hifadhi ya Ngorongoro, wanaujua uzito wa habari ya kuhama. Hofu ya kaka yangu ilikuwa na sababu. Kilichokosekana ni ushahidi.

Baba alimkuta juu ya paa akipigilia mabati, mimi nikishika ngazi.

“Nani amekuambia habari hizi?”

“Watu, baba.”

“Hao Watu wanakaa kitongoji gani?”

“Fundi baiskeli wa mnadani. Hata gari lake ameliona.”

“Gari ameliona. Na Shoroba mwenyewe?”

“Vioo vilikuwa vimefungwa.”

Shemeji yangu Elizabeti alitoka na mtoto mgongoni, macho mekundu kwa kukosa usingizi. “Mimi, baba, nilidhani nimeolewa na mume mmoja,” alisema. “Kumbe yupo pia huyu Shoroba, wa kunichagulia pa kulala.”

Baba hakucheka. “Tluway, umemlaza mjukuu wangu kwenye njia ya tembo kwa ajili ya mtu ambaye hujui hata kama alizaliwa. Teremka. Twende kwa mwenye neno, akatuambie amekusudia nini.”

Tulimkuta mmoja wa wale wataalamu katika ofisi ya kijiji. Baba alimwamkia, akauliza bila kuzunguka, “Shoroba ni nani?”

Yule bwana alitutazama mmoja mmoja, akaiweka kalamu chini. “Mzee, si mtu. Katika nyumba kubwa, ile njia nyembamba inayokutoa chumba hiki hadi kile, huitwa ushoroba. Sisi wa mipango tumeliazima neno hilo. Msitu ni chumba, na kule ziwani ni chumba. Ukanda wa ardhi unaowapitisha wanyama baina yake ndio ushoroba. Zikiwa nyingi, ni shoroba. Ukiuziba, wanyama hufungiwa kila kundi upande wake, na wale wanaolazimisha kupita huvunja kilicho mbele yao.”

“Kwa hiyo shamba langu halichukuliwi?” Tluway aliuliza.

“Sijui. Neno lenyewe halisemi kuchukua, linasema kupita. Nani atalima nini humo, na kwa masharti gani, bado halijaamuliwa. Kutakuwa na mkutano wa kijiji; njoo uulize. Lakini nyumba uliyoijenga katika mapito haikulindii shamba. Inamhatarisha anayelala ndani yake.”

 Njiani kurudi, baba alisema, “Mnadani kila mtu alijua. Huyu aliyelisomea jambo ndiye aliyesema hajui. Hapo ndipo nilipomwamini.”

Jioni hiyohiyo tulishusha mabati, na Elizabeti akarudi nyumbani kwetu. Mvua zilipoanza, tembo waliteremka kama walivyozoea. Asubuhi tulikuta kuta zimelala, na nyayo zimekanyaga palipokuwa na kitanda. Tluway alisimama pale, mtoto mikononi mwake, hata mtoto akaanza kulia kwa kubanwa. Siku ya mkutano yeye ndiye aliyesimama wa kwanza. Alidai kuonyeshwa ushoroba unaanzia wapi na kuishia wapi, na hakuketi mpaka alipojibiwa.

Mwanangu, siku hizi neno hili linatembea katika simu zenu, na ninasikia yakisemwa mengi: kwamba ushoroba ni hifadhi mpya, kwamba ni uzio. Ushoroba ni njia ya kupita. Masharti yatakayowekwa juu ya njia hiyo ni jambo jingine. Yanaweza kuwa ya haki, yanaweza kuwa ya kuonea, na ni wajibu wako kuyahoji. Lakini hutaweza kuhoji usichokielewa. Ukiletewa neno, muulize aliyelileta amelitoa kwa nani. Kisha mtafute mwenye neno, akueleze maana yake, na akueleze pia mahali ujuzi wake unapokomea. Usihamishe kikombe ndani ya nyumba yako, seuze mtoto, kwa habari isiyo na mwenyewe.

Mungu akujalie sikio lisilo na haraka na ulimi usioona haya kuuliza. Ardhi uliyoachiwa ikulishe, na wanao walale mahali ambapo hutalazimika kukesha kwa ajili yao. Amina.