Kofia Ndani ya Begi

Ukimkuta Ameir kwenye mikahawa ya mtaa wa Huanshi Zhonglu, huko China, usimuulize anasomea nini, chai yako itapoa. Kijana huyu wa Wete, Pemba, ana miaka mitano akiwafukua kwenye nyaraka maofisa wa Vietnam waliokimbilia China na mfalme wao aliyepinduliwa, zaidi ya miaka mia mbili iliyopita. Wenyeji waliwapa hifadhi, kisha wakawaamuru wanyoe nywele za mbele, wasuke mkia, wavae Kichina. Wengi walifyata. Wachache wakagoma, wakasota gerezani miaka zaidi ya kumi. Ameir anawapenda hao wachache utadhani ni babu zake. Mwanzoni mwa tasnifu yake kaandika kwa Kiswahili: mkataa kwao mtumwa.

Siku ya kuitetea ilipokaribia, mama yake alimshonea kofia ya viua kwa mkono, miezi minne, tundu kwa tundu. "Uivae siku hiyo, mwanangu," alimwambia, na Ameir akaahidi. Kofia ikaja na Bi Faudhia, jirani yao wa Wete anayefuata nguo za jumla kwenye maduka ya Guangyuan Xilu. Alimkabidhi siku yenyewe, mlangoni pa ukumbi.

Ameir akachungulia ndani. Maprofesa watano, suti tupu. Mwaka jana mmoja wao alimwambia sasa amekuwa Mchina kabisa, na sifa ile, wallahi, ilimlevya. Akaisokomeza kofia begini.

Saa nzima alisimama kichwa wazi, akiwasifu wanaume waliochagua pingu kuliko nguo za watu. Akafaulu, akapigiwa makofi. Bi Faudhia, aliyekaa nyuma bila kuambulia neno la Kichina, alimpa mkono wa hongera.

"Hao wazee wako walifanya nini hasa?"

"Walifungwa, Bi Faudhia."

"Kwa kosa gani?"

"Walikataa kuvua vazi la kwao."

Bi Faudhia alimtazama kichwani tu. Ameir akalisukuma begi nyuma ya mgongo.

Simu ya Bi Faudhia ikalia. Alikuwa mama yake Ameir; ya mwanawe aliikuta imezimwa. Alitaka kujua kama kofia imemkaa.

"Imemkaa, mashaallah," Bi Faudhia akajibu, macho kwenye begi. "Ukumbi mzima walikuwa wakiitazama." Kisha akamnyooshea Ameir simu. "Haya, zungumza na mama yako."