Kona ya Baba Mkwe na Lahaja Mbili za Lisp

Siku ya kwanza kazini, Mzee Mbwambo, Mkuu wa Uchoraji pale ofisi ya ramani Tarime, aliitazama miguu yangu yenye vumbi la kijijini kwetu Susuni, akauliza, "Umesoma mpaka wapi?" Nikamwambia la saba. "Inatosha. Hapa kazi ni kufunga mabano."

Tuliiamuru kompyuta ichore mipaka ya mashamba, wajukuu zangu, na lugha yake ni Lisp. Kila amri inakaa ndani ya mabano, na hayo ndani ya mabano mengine, kama zizi lilivyo ndani ya boma la mji wetu: ukifungua lango, ulifunge. Lisp ina lahaja zake. Mzee Mbwambo alipenda Scheme, ndogo na safi. Boke Mwita, niliyekaa naye meza moja, alishikilia Common Lisp, kubwa, yenye kila kitu.

"Mzee, Scheme yako ni mafiga bila sufuria!"

"Na yako ni ghala, Boke. Mtu anapotelea humo akitafuta kijiko."

Ikatokea nafasi ya kazi Mugumu, yenye nyumba ya kuishi. Mimi mjane, na watoto tulibanana chumba kimoja cha kupanga. Mzee akasema, "Mama Ghati, ramani ya mashamba ya Matongo ikitoka leo, unakwenda wewe. Isipotoka, namtuma mwingine. Lahaja chagua mwenyewe."

Nikaanza na Scheme, kwa kumheshimu. Sasa, wapimaji waliita kila kona ya shamba kwa jina la mwenye mji. Nayakumbuka yote: Marwa Gesase, Chacha Matiko, Wankuru Nyamhanga. Lakini kona moja ilikuwa na jina la baba mkwe wangu. Mke wa Mkurya halitaji, na mimi hata kuliandika sikuliandika. Kwenye programu yangu kona hiyo niliiita mzee-wetu. Faili la wapimaji, lenye jina lenyewe, hatukuruhusiwa kuligusa. Basi programu ikakuta humo jina isilolijua, ikakatika, ikanirudisha mwanzo.

"Liandike tu, mama. Nani atakuona?" Mzee akasema. Yeye mtu wa Upareni, mwiko wetu haukumhusu.

"Nitajiona mimi."

Boke akavuta kiti. "Dada, hebu ingia ghalani kwangu."

Nikaiandika upya programu kwa lahaja yake. Common Lisp nayo ilisimama palepale, ila haikukatika. Iliuliza: jina hili silijui, nitumie nini badala yake? Nikaandika mzee-wetu. Ikaendelea kuchora hadi kona ya mwisho.

Mzee akaitazama ramani, akacheka. "Leo nimeshindwa na ukwe." Akatia sahihi uhamisho wangu.

Nimestaafu, na Scheme bado naikumbuka. Ilikuwa tamu kuiandika. Vijana wakiniuliza lahaja ipi bora, nawakumbuka wale wawili wakitaniana, nacheka peke yangu.

Mwaka ule wa uhamisho, baba mkwe alikuja Mugumu kutuona. Alisimama nje ya mlango, kama inavyopasa, akauliza nyumba nzuri hivi nimeipataje. Nikainamisha macho.

"Kwa kukuheshimu wewe, baba."

Akakohoa kidogo, akaomba maji.