Kompyuta ya Akaliza na friji ya Mama Cedric

"Masini yako iko inaua frigo yangu! Sema mbele ya watu wote, Akaliza, sema!"

Mama Cedric amesimama kwenye kizingiti cha jirani yake, mikono kiunoni, kitenge kimefungwa juu ya sketi, harufu ya sambaza ikimtangulia chumbani. Jina lake la ubatizo ni Pulchérie, lakini katika ua huu wa Nengo, mjini Rubavu, wenye milango sita na mita moja ya umeme, hakuna anayelitumia. Sambaza zake, visamaki vya ziwani, hulala kwenye friji kabla ya kwenda sokoni, na friji hiyo leo imezimika tena.

"Mama Cedric, friji yako ndiyo inayoniua mimi," anajibu Akaliza bila kuinua macho. "Hii kompyuta imekata moto mara ya tatu wiki hii. Mara ya tatu!"

Mezani limekaa kasha jeusi lililofunguliwa ubavuni. Kioo chake ni giza tupu. Kesho jioni mwenyewe anakuja kulichukua.

Majirani wameshatoka nje. Connie, fundi cherehani wa mlango wa tatu, amefika na kikombe chake cha chai kabisa, maana ugomvi mzuri hausikilizwi kwa kusimuliwa.

Akaliza ana miaka thelathini na minne. Alizaliwa Karagwe, Tanzania, wazazi wake wakarudi Rwanda naye akiwa mdogo, na Kiswahili cha kule hakijamtoka. Ufundi aliuokota kibandani karibu na mpaka, akibadilisha vioo vya simu, kisha kompyuta za wafanyabiashara wanaovuka kwenda Goma. Mpaka leo riziki yake ni matengenezo hayo madogo madogo. Mashine kubwa ya kazi nzito hii ndiyo ya kwanza kuagizwa kwake.

Aliyeiagiza anaitwa Bahizi, mtaalamu wa maji. Anachora ramani za mafuriko ya mto Sebeya: mvua ikinyesha kiasi fulani milimani, maji yatafika mlango wa nani huko Kanama, na baada ya muda gani. Hesabu hizo hutafuna mashine siku kadhaa mfululizo. Ikizimika katikati, zote zinaanza upya. Na mvua za masika ziko karibu.

Vifaa walivichagua pamoja, wakibishana. Bahizi alitaka prosesa, ubongo wa mashine, yenye kasi kuliko zote. Akaliza akataka ile ya kasi ya wastani yenye viini vingi, isiyochemka ikifanya kazi usiku kucha. Kwenye memori, Bahizi ndiye aliyeshinda: gigabaiti 128, ya aina inayojisahihisha makosa, kwa sababu tarakimu moja ikiharibika maji ya ramani yatapanda kilima kisichokuwa chake.

"Yeye anajua hesabu zake zinakula nini, mimi najua vyuma vinachokea wapi," anasema Akaliza. Kwa hiyo pawasaplai, inayolisha mashine umeme, ni kubwa kuliko inavyohitajika, feni ni pana zinazozunguka polepole, na kasha halina urembo wowote. "Muuzaji wa Kigali aliniuliza kama nataka taa za rangi ndani. Nikamwambia, kaka, mafuriko hayachezi disko."

Hakuna kompyuta inayotoka mikononi mwake kabla ya kufanyishwa kazi kwa nguvu zote, mchana na usiku. Jaribio hilo analiita kuipandisha mlima na mzigo. Na hii imeshindwa kupanda. Kila ikifika jioni, inakufa. Ameshabadilisha memori, amepaka upya dawa ya kupozea prosesa, na leo alikuwa ameshika bisibisi ang'oe bodi airudishe Kigali. Bodi ikienda Kigali, Bahizi ataondoka mikono mitupu.

"Miye ninawaambiaga," Mama Cedric anawageukia majirani. "Kila jioni ni vile vile. Frigo inaguna, taa inakuwa mwekundu, halafu huyu analia 'Yesu wangu!'"

Akaliza anaweka bisibisi chini.

"Ngoja. Inaguna kwanza, ndiyo nalia? Au nalia kwanza?"

"We uko unanicheka?"

"Sikucheki, Mama Cedric. Nini kinatangulia?"

"Frigo! Inaguna sana, kama muzee wa kuamshwa. Nyuma ndiyo we unalia."

Akaliza anachukua kipimo chake cha umeme, anakichomeka ukutani, anamwomba Connie aiwashe friji. Friji inaguna. Namba za kipimo zinaporomoka, taa inafifia, kisha vyote vinarudi taratibu.

Anaufuata waya kwa macho. Unatoka kwenye soketi yake mwenyewe, unapita chini ya dirisha, unaingia kwa Mama Cedric. Aliuvuta yeye, mwaka jana, soketi ya jirani ilipoungua. Kisha pasi ya Connie ikaungwa hapo hapo. Kisha simu za ua mzima. Jioni watu wakirudi, kila kitu kinanyonya kwenye uzi mmoja mwembamba, na kompyuta inakufa kiu.

"Nimechagua kila kifaa kwa wiki mbili," anasema polepole. "Waya sikuuangalia. Waya niliutoa mimi, kwa moyo mweupe."

"Donc, basi utanikatia waya," anasema Mama Cedric. Hakuna tena mikono kiunoni.

Fundi umeme, Wenceslas, anapigiwa simu. Anaweza kuvuta waya mnene wa friji moja kwa moja kutoka kwenye mita, lakini ni keshokutwa. Jaribio likianza sasa, friji ikiwa imechomolewa, litaisha kesho jioni, Bahizi akiwa mlangoni. Na friji imejaa sambaza.

Akaliza hawezi kumwomba mtu aozeshe mtaji wake. Connie anaangalia ndani ya kikombe. Mama Cedric anaangalia friji, kisha kasha jeusi, kisha friji tena.

"Ile maji ya Sebeya," anauliza, "huyo mutu wako anaweza kujua mbele haijakuja?"

"Akiwa na mashine isiyozimika."

Mama Cedric anainama, anaushika waya na kuuchomoa mwenyewe. "Samaki ni yangu. We chunga masini."

Jioni inayofuata, Bahizi amekaa kwenye kigoda, hajavua koti. Tangu asubuhi Mama Cedric ameuza alichoweza kuuza. Pasi ya Connie imelala kabatini. Nje kiza kinaingia, saa ile ile ya kufa. Feni zinavuma. Akaliza amebana viganja katikati ya magoti, anasoma joto la prosesa kama mama anayesoma kipimajoto cha mwanawe.

Taa inafifia kidogo. Bahizi anashtuka. Mashine inaendelea.

Tena inafifia. Inaendelea.

Hatimaye mstari wa kijani wa jaribio unafika mwisho wa kioo, na Akaliza anatoa pumzi kubwa hadi majirani wanasikia. Bahizi anamshika mkono na hauachii upesi.

"Nataka chumba barabarani, chenye mita yake," Akaliza anasema, macho bado kwenye kioo. "Nifundishe mabinti wawili. Mtu wa Rubavu akitaka mashine ya kubeba hesabu nzito, asipande basi kwenda Kigali. Na nikichagua vifaa, nianzie waya wa ukutani."

Kutoka kwa jirani kunanukia mafuta ya moto na pilipili. Sambaza zisizouzwa zote ziko kikaangoni, na ua mzima umeshajibana chumbani kwa Mama Cedric, magoti kwa magoti.

Mama Cedric anatokea kwenye kizingiti, mikono kiunoni.

"Mumemaliza? Masini haina njaa, mi niko nayo. Akaliza, ingia ukule. Na we mutu wa mafuriko, vua ile koti, kuja."