Mfuma Sweta wa Elburgon

Simu ilikuwa mezani ikichajiwa, na Wanjugu alikuwa ameketi mbele yake na shali mabegani. Nje mvua ilikuwa inanyesha tangu jioni. Tangu Jumapili binti yake Wachuka, aliyehama nyumbani wiki kadhaa nyuma, hakuwa akipatikana kwa simu, na asubuhi hiyo Wanjugu alikuwa amemwomba mdogo wake Sue, anayekaa Nakuru, amtafute. Alijaribu kulala akashindwa. Akaamka, akakunjua sweta alizokuwa amezikunja mchana na kuzikunja upya, kwa sababu mikono haikulingana.

Hatimaye Sue akapiga. Amempata. Ni mzima, simu yake iliibwa sokoni, amekodi chumba mtaa wa Kaptembwo na anauza nguo kwenye kibanda cha rafiki yake.

"Anakula?" Wanjugu akauliza.

"Anakula, hata amenenepa. Lakini Dada, amesema usiende."

"Kwani nimemkosea nini?"

"Hilo unaniuliza mimi?"

Wanjugu aliachia shule darasa la saba, akaenda Nakuru kufanya kazi katika karakana ya sare za shule. Msimamizi wao, mama mmoja aliyeitwa Wawira, aliinua kila sweta dirishani. Mwanga ukipenya mahali pasipotakiwa, sweta ilitupwa sakafuni na aliyeifuma akaifumua yote mbele ya wenzake. Wasichana wawili aliolala nao chumba kimoja walifukuzwa kwa makosa ya namna hiyo. Wanjugu hakufukuzwa. Miaka ilipopita akarudi kwao Elburgon, akanunua mashine yake ya kufuma, baadaye ya pili, na akaendelea kuinua sweta dirishani ingawa hapakuwa tena na mtu wa kumfukuza.

Elburgon ni baridi, sweta hazikosi mnunuzi. Watu walijua kwamba kwa Mama Wachuka hupati kasoro. Hawakujua jinsi alivyoamka usiku kukagua kazi ya mchana, hasa shule zilipokaribia kufunguliwa.

Wachuka alipomaliza kidato cha nne alikalia ile mashine ya pili. Alikuwa mwepesi wa mkono na mwenye kucheka na wateja. Ila kazi yake ilikuwa na ugonjwa mmoja: uzi ulikuwa unaruka kitanzi, na tundu dogo linabaki. Kila mara Wanjugu alimwambia akili yake iko kwenye simu, kisha akavuta ncha ya uzi, na sweta ya siku nzima ikageuka bonge. Wachuka alianza tena. Mwanzoni alikuwa akicheka. Baadaye aliacha kucheka.

Kisha ikaja ile ya zambarau. Wachuka alimfumia mama yake sweta kwa siri, yenye maua kifuani, akampa siku moja baada ya kanisa. Wanjugu aliivaa, akafurahi kwelikweli, akawaonyesha majirani. Usiku, alipoivua, aliona tundu upande wa kushoto. Alikusudia kurekebisha hapo tu. Akafumua hadi kwenye tundu, akaona ua moja limepinda, akafumua tena. Asubuhi Wachuka alikuta mabonge ya uzi wa zambarau mezani, na mama yake amesinzia kwenye kiti. Hakugomba. Alipakia nguo zake kwenye begi, akaenda.

Hayo yote Wanjugu aliyajua alipomuuliza Sue amekosa nini. Aliyajua, lakini moyoni alikuwa bado anasema: tundu si lilikuwepo?

Januari ilipofika, mpini wa mashine yake ulivunjika na fundi akauchukua kwenda kuuchomelea. Wanjugu akahamia kwenye mashine ya Wachuka. Sweta ya kwanza aliyoifuma pale ilikuwa ya kijani, ya mtoto wa Kipkirui, mpakiaji wa mbao. Kipkirui alipoijia alimkuta ameikunjua mezani, anaitazama.

"Rudi kesho," Wanjugu akamwambia. "Ina tundu. Naifumua."

"Kesho kijana anaripoti shule, mathe. Tundu liko wapi?"

Akamwonyesha. Kipkirui akainama, akavaa miwani, akaivua.

"Hili? Mathe, hili hata baridi yenyewe haiwezi kuliona. Ziba na sindano ya mkono, nipe niende."

Wanjugu alisema hajawahi kutoa kazi ya namna hiyo. Kipkirui akamjibu kwamba yeye pia hajawahi kupeleka mtoto shule kifua wazi, na hakusudii kuanza kesho. Akaketi kwenye benchi kama mtu mwenye siku nzima. Wanjugu akaziba. Kazi yenyewe haikuchukua muda, lakini aliposimama kuitazama sweta ikivuka barabara kwapani mwa Kipkirui, aliona aibu kana kwamba ametoka nje bila leso kichwani.

Sweta ya pili ilikuwa na tundu. Upande wa kushoto tena.

Mkono wake ulikuwa umeshashika ncha ya uzi. Akakumbuka ya Kipkirui ilivyokuwa, tundu lilipokaa, na akauachia. Akatia uzi mwingine kwenye mashine, akafuma kipande kirefu bila kusimama, bila kurekebisha chochote, akakitandaza mezani. Matundu yalipanda kwa mstari mmoja, kama ngazi. Akafuata mstari ule hadi kwenye mashine, akafika kwenye sindano moja kati ya zile nyingi zilizopangwa. Kijilimi chake, kile kinachofunga ili uzi usitoroke, kilikuwa kimelegea. Akaichomoa, akaweka mahali pake sindano ya pembeni ambayo haitumiki sana, akafuma tena. Kipande kikatoka safi.

Alikaa pale hadi chai ikapoa. Ilikuwa sindano hiyo siku zote. Lau angeacha makosa mawili tu ya mtoto yakae mezani pamoja, angeliona. Lakini kila kosa alilifumua likiwa bado bichi, na lililofuata likaja kama geni.

Jumamosi alifunga kazi na kwenda Nakuru. Sue alimwelekeza njia, akakataa kumsindikiza.

Chumba kilikuwa cha mwisho katika ploti ya vyumba vya kupanga, na mbele yake jirani mmoja alikuwa anafua. Wanjugu akabisha.

"Nani?"

"Ni mimi."

Sauti ya Wachuka ikasema, karibu na mlango, "Anti hakukuambia?"

"Aliniambia."

Maneno aliyoyapanga njiani yakamtoka ovyo. Alieleza habari ya sindano, akarudi kwa Kipkirui, akaruka kwenye ngazi ya matundu, yote mbele ya mlango uliofungwa, na jirani akiwa ameacha kufua ili asikie vizuri.

"Kwa hivyo haikuwa mimi," Wachuka akasema.

"Haikuwa wewe."

"Na kama ingekuwa mimi? Ungekuja?"

Wanjugu alifungua kinywa aseme angekuja, bila shaka angekuja.

"Sijui," akasema. "Pengine nisingekuja. Ningekaa kule nikikungoja unyooke." Akatafuta namna ya kulisema vizuri zaidi, hakuiona. "Ile ya zambarau haikuwa na shida. Mimi ndiye niliyeiharibu."

Mlango ulibaki umefungwa.

"Mama, sukuma tu," jirani akamshauri kwa sauti ya chini. "Hilo komeo ni bovu, linajifungua."

Wanjugu alitikisa kichwa. Alisimama palepale, mikono imeshuka, akingoja kama anayeweza kungoja hadi jioni.

Komeo likakwaruza. Mlango ukafunguka, na Wachuka akatokea, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imetimka.

"Ingia," akasema. "Lakini vyombo sijaosha, na usiviguse."